Kiswahili cha Jikoni cha Maman Nanda

Kitunguu kikikaangwa na mdalasini, bila kipande cha nyama ndani, kina harufu yake peke yake. Haipandi juu kama harufu ya nyama. Inatambaa chini, inashika nguo, inalala katika nywele, na kesho yake bado unayo. Baba yangu alirudi nayo nyumbani Kadutu, hapa Bukavu, kila jioni, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi, na majirani walitucheka. Alikuwa mpishi. Papa Bisimwa alijulikana kwenye mteremko wetu wote, kwa sababu wakati wa Wabelgiji alikuwa akipika nyama za kila namna, na alijivunia hilo jinsi wengine wanavyojivunia ng'ombe wao. Halafu wazungu wake wakaenda zao, akakaa miezi mingi akipiga pasi koti lake bila pa kwenda nalo, na kazi aliyoipata baadaye ilikuwa kwenye nyumba moja ya Muhumba, karibu kabisa na ziwa, kwa fundi wa chai aliyetoka Ceylon pamoja na mke wake. Siku ya kwanza alirudi hajui acheke au alie.

"Hawa batu habakulake nyama," akamwambia mama kabla hata ya kuvua koti. "Hata mufupa wa supu."

"Sasa banakulaka nini?"

"Maharagi. Na pilipili. Halafu maharagi tena."

"Maskini," mama akasema. "Na nyumba kubwa vile."

Fundi mwenyewe tulimwona kidogo. Jumatatu alipanda kwenye mashamba ya chai, huko milimani juu ya Kavumu, na Jumamosi alishuka akinuka majani mabichi. Aliyebaki nyumbani ni mke wake, Maman Nanda. Alikuwa mfupi, mweusi kunipita mimi, na nywele zake zilifika kiunoni, kwa hiyo watu wa Kadutu hawakujua wamweke wapi: si muzungu, si Mhindi wa duka, si mtu wa kwetu. Mtoto hakuwa naye, na sikuwahi kujua sababu. Kifaransa hakukijua. Kiswahili alikipata kwa mtu mmoja tu, baba yangu, na mahali pamoja tu, jikoni. Kwa hiyo kila neno alilokuwa nalo lilikuwa neno la sufuria: leta, kata, koroga, ngoja, epua, funika, chumvi iko mingi, moto iko kali. Ukitaka kujua jinsi nilivyofundishwa mambo makubwa ya dini ya watu wale, anzia hapo. Nilifundishwa kwa maneno ya kupikia maharagi.

Nilifikaje kwenye nyumba ile? Kwa sababu ya jino. Mimi nilikuwa mtoto wa hasira, nasema ukweli, na sisemi kwa aibu. Nilipiga, niliuma, nilirusha mawe, na kwenye robine, pale tulipochota maji, hakuna aliyethubutu kusogeza bidoni yangu, dumu langu la maji, kwenye foleni. Zawadi, mtoto wa jirani, alithubutu. Nilimpiga kwa mfuniko wa bidoni, jino lake la mbele likaruka likaenda na maji kwenye mfereji, tukalitafuta wote wawili tukilia, hatukulipata. Habari ikafika kwa katekista, Papa Aloys, aliyetutayarisha kwa komunyo ya kwanza. Papa Aloys alikuwa mrefu, mkavu, na fimbo yake ya mwanzi ilikuwa na sauti kabla haijakugusa. Alikuja hadi mlangoni kwetu, akakataa kiti.

"Mama, huyu mutoto anapiga sawa mwanajeshi. Komunyo haiwezi kuingia mu kinywa yenye kuuma batu. Abadilike, ao natosha jina yake ku liste."

Mama aliingia ndani akakaa kwenye sanduku la bati. Ndani ya sanduku lile mlikuwa na kitambaa cheupe alichokuwa amekiweka tangu kaka yangu mkubwa alipozaliwa. Kaka yangu alikufa kwa surua. Dada aliyemfuata alikufa kwa homa. Kitambaa kikabaki kimekunjwa, kinangoja mtoto wa kwanza atakayeishi mpaka afike kupiga magoti mbele ya altare, na mtoto huyo nilikuwa mimi, mwenye kuuma watu. Nilielewa vizuri, hata kwa miaka yangu kumi, kwamba komunyo ile haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa ya mama, na ya wale wawili waliokuwa makaburini. Usiku huohuo ikaamuliwa kwamba kila Alhamisi na kila Jumamosi mchana nisikae tena mteremkoni. Nimfuate baba kazini, nimenye mbaazi, nisiwe karibu na mtoto wa mtu.

Wiki za kwanza nilimenya na kukunja uso. Kutoka jikoni niliona chumba kidogo chenye mlango wazi, na ndani yake meza, kikombe cha maji, maua matatu manne ya bustanini, na sanamu ndogo ya mtu aliyekaa chini, miguu imekunjwa, macho yamefumbwa nusu. Nilidhani ni mtakatifu anayeumwa tumbo. Nikamuuliza baba kwa sauti ya chini ni nani, baba akajibu bila kuacha kukata vitunguu, "Ni mukubwa wao. Anafumba macho juu asione nyama." Kila mchana, maharagi yakishaanza kuchemka, Maman Nanda alinawa mikono, akaingia mle, akakaa kama yule wa mezani. Alikaa tu. Hakusali kwa mdomo, hakusinzia, hakufanya kitu, na mimi niliyekuwa nimekulia kwenye nyumba ambayo mwanamke akikaa tu anaulizwa kama anaumwa, nilikasirika. Siku moja nikasimama mlangoni na bakuli langu la mbaazi, nikamuuliza anafanya nini. Akafungua jicho moja.

"Napika," akasema.

"Unapika nini? Hakuna sufuria."

Akagonga kichwa chake kwa kidole. "Sufuria iko. Kuja. Kaa."

Nikakaa. Akaninyoosha mgongo kwa kiganja, akaniwekea mikono mapajani, akaniambia nisikilize pumzi kwenye pua. Inaingia, wee najua. Inatoka, wee najua. Hesabu moja mpaka kumi, halafu anza tena. Ilionekana kazi ya mtoto mchanga. Nilifika tatu nikamkumbuka Zawadi, nikamkumbuka Papa Aloys, nikakumbuka kwamba Zawadi aliniambia nina miguu ya bata, nikapandwa na hasira upya hapohapo kwenye mkeka, nikamwambia Maman Nanda siwezi. Hakunigombeza. Alinishika mkono akanipeleka jikoni, akafunua sufuria ya maharagi. Povu la kijivu lilikuwa limepanda juu, linasukumana.

"Povu nakuja," akasema. "Wee naona povu?"

"Naona."

"Wee iko povu?"

Baba akacheka mpaka akaweka kisu chini. Lakini mimi nilibaki nimeinama juu ya sufuria ile. Povu linakuja, usilikoroge, usilirudishe chini, usilipigie kelele, lione, litakwenda. Ndiyo elimu nzima, na mpaka leo sijasikia mtu wa vitabu akiisema vizuri zaidi.

Tukaendelea hivyo mvua zote. Alinifundisha kuimba maneno ya lugha ya zamani ya dini yao, mara tatu mara tatu, na sauti inayopanda kidogo na kushuka kidogo kama mtu anayebembeleza mtoto. Sitayaandika hapa, nitayaharibu, ingawa mdomo wangu bado unayajua. Nilipomuuliza maana yake alitafuta sana katika maneno yake machache: Mi nakwenda kwa Mwalimu. Mi nakwenda kwa somo. Mi nakwenda kwa batu ya njia. Nikamuuliza kama yule Mwalimu wa mezani anamsikia. Hapana, akasema, hasikii, alikufa zamani. Si Mungu? Hapana Mungu, mwalimu. Kama hasikii, sasa unamwambia nani? Akajigonga kifua: "Mi naambia mi." Halafu kulikuwa na ahadi tano: usiue, usichukue cha mtu, usimharibu mtu kwa mwili wako, usiseme uongo, usinywe pombe ikakupoteza. Kwetu amri zilikuwa kumi, kwao tano, nikawahurumia kwamba walipunjwa. Na kabla sijarudi nyumbani aliniuliza kila mara maswali yaleyale matatu, nijibu moyoni, si kwake: leo niliumiza nani, nani aliniumiza, na kesho nifanye nini. Papa Aloys naye alitufundisha kuchunguza dhamiri kabla ya kuungama, lakini kwake nilihesabu dhambi nikiogopa fimbo. Kwa Maman Nanda niliziangalia tu, kama mtu anayechagua mchele.

Kitu kigumu kilikuwa kutakia watu mema. Kazi hiyo ilikuwa na mpango wake. Unaanza na wewe mwenyewe: niwe na raha, nisiumwe, nisiogope. Nilimwambia kwetu kuanza na wewe mwenyewe ni majivuno. Akasema, "Sufuria iko tupu, wee nagawa nini?" Baada yako, mtu unayempenda, nilimweka mama. Baada yake, mtu asiye kitu kwako. Nilimweka muuza makala, makaa ya kupikia, wa njia panda, ambaye hakujua kamwe ni mara ngapi nimemtakia afya. Na wa mwisho ni yule aliyekuumiza, au anayekuchukiza. Hapo nilimweka Zawadi. Wiki ya kwanza sikuweza. Wiki ya pili nilimtakia jino jipya, na nikaona hilo peke yake limenitosha. Wiki ya tano, kwenye robine, alisogeza bidoni yangu tena, nikasikia povu linapanda, nikaliona, nikaacha lipite. Zawadi mwenyewe aliogopa kuliko siku ya mfuniko. Alikimbilia nyumbani akamwambia mama yake kwamba Nsimire, yaani mimi, anaumwa.

Papa Aloys aliona pia. Alinisifu mbele ya wote, akasema neema ya Mungu inafanya kazi hata kwa watoto wa Kadutu. Mama akatoa kitambaa, akampelekea fundi wa cherehani, gauni likashonwa lenye mikono mifupi na utepe. Nililijaribu mara moja. Mama alinizunguka akigusa pindo, akasema neno moja tu, "Inatosha," akageuka ukutani.

Ilibaki wiki moja kufika komunyo. Siku ya mtihani wa mwisho tulikuwa watoto arobaini na mmoja ndani ya chumba cha parokia, mvua inapiga mabati. Papa Aloys alikuwa na desturi yake: mtoto anapanda kwenye benchi, anaongoza sala peke yake, wengine wanajibu. Ukikwama, unashuka, na jina lako linashuka pamoja nawe. Mimi niliangukia litania ya watakatifu: unataja jina la mtakatifu, wengine wanajibu utuombee. Niliijua yote. Lakini nilipopanda, benchi likatikisika, nikaiona fimbo, nikaona vichwa arobaini, na kila jina la mtakatifu likanitoka kichwani. Basi nikafanya nilichofundishwa kufanya nikiogopa. Nikanyoosha mgongo. Pumzi ikaingia, nikajua. Ikatoka, nikajua. Na mle ndani ya kile chumba cha Muhumba, baada ya pumzi kila mara zilifuata zile nyimbo. Mdomo wangu haukuniuliza. Ukafunguka, ukaimba maneno ya Maman Nanda, kwa sauti yake, mstari wa kwanza wote.

"Utuombee!" wakajibu watoto arobaini.

Mstari wa pili. "Utuombee!" Wa tatu. "Utuombee!" Na mimi nilijua ninachokiimba, nilijua kabisa, lakini kushuka sikuweza, kwa sababu yanaimbwa mara tatu, na nilikuwa nimeshaanza. Papa Aloys alikuwa amefumba macho. Misa ya Kilatini ilikuwa imeondolewa si zamani, naye aliililia kama mtu anayemlilia mke aliyekufa, na nadhani alifikiri Bwana amemrudishia kidogo kupitia kwangu. Nilipomaliza alikuwa na machozi.

"Nsimire, mwanangu," akasema. Hakuwahi kuniita mwanangu. "Hii Kilatini ulijifunzia wapi?"

Ningeweza kusema chochote. Ningesema kwa masista, ningesema kwa baba, na maisha yangekwenda. Lakini nilikuwa nimejizoeza ile ahadi ya nne, ya kutosema uongo, miezi yote ile, na mtoto akizoea kitu ni mjinga nacho. "Hapana Kilatini, Papa," nikasema. "Ni ya Maman Nanda, bibi ya fundi wa chai. Ni ya yule mwalimu wao mwenye kukaa chini."

Fimbo haikunigusa. Heri ingenigusa. Alinishusha kwenye benchi kwa mkono, taratibu, akaniambia nirudi nyumbani, atakuja kwa wazazi. Jioni ile ndani ya chumba chetu alisema nilikuwa nimewafanya watoto arobaini waombewe na sanamu, na kwamba kuna njia moja tu. Asubuhi ya komunyo, mbele ya kanisa, mbele ya wazazi wote na watoto wote, nisimame niseme kwamba maneno yale ni ya shetani na ninayakataa. Nikisema, nitaingia. Nisiposema, gauni lirudi sandukuni. Akaenda.

"Atasema," mama akasema.

"Si ya shetani," nikasema mimi. "Ni uongo, mama. Ni kuhesabu pumuzi."

"Nsimire, mi nilizika babili." Hakupandisha sauti. Aliinua vidole viwili, akavishika hewani mbele ya uso wangu mpaka nikaangalia chini.

Baba naye alichukua njia yake ya mpishi, ya kupoza. "Sema tu, mutoto. Maman Nanda hatakuwa pale. Nani atamwambia? Weye?"

Sikulala vizuri wiki ile. Alhamisi sikwenda Muhumba, nilisema tumbo linaniuma, na huo ulikuwa uongo wa kwanza. Jumapili ikafika na jua, matope yakiwa bado mekundu chini ya viatu vyeupe. Papa Aloys akanisimamisha kwenye ngazi ya kanisa. Nikasema. Nilisema kwa nguvu, kama alivyotaka, mara tatu kama alivyotaka: maneno yale ni ya shetani, nayakataa. Mara ya tatu ndipo nilipomwona. Alikuwa nyuma ya watu, karibu na ukuta, amevaa kitambaa chake cheupe cha siku kubwa, ameshika maua ya bustani yake kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwalika. Alikuwa amesikia tu kwa baba, siku za nyuma, kwamba mtoto wake ana sikukuu, naye akaja. Nikamwona akimgeukia baba, akamuuliza kitu. Baba akajibu akiangalia viatu vyake. Baadaye nilijua alimwambia, "Anashukuru Mungu." Maman Nanda akaniinamishia kichwa, akatabasamu, akainua maua juu kidogo ili niyaone.

Niliingia. Nilipiga magoti. Mama alilia mpaka leso ikalowa, na kwa machozi yale ya mama sijutii hata leo, msinidai hilo. Lakini hostia, ule mkate wa komunyo, ilinishika kwenye ulimi kama kipande cha karatasi, na maua yale tuliyaweka nyumbani ndani ya kopo, na kila nilipopita niliyageuzia mgongo.

Alhamisi nilikwenda. Baba alinikataza njia nzima, kutoka Kadutu, Nyawera, mpaka kwenye geti. "Kazi yangu, Nsimire. Kazi yangu." Nilijua. Lakini niliingia jikoni moja kwa moja, Maman Nanda akafurahi kuniona, akaanza kuniuliza juu ya gauni, na nikamwambia. Nilimwambia nilichosema pale ngazini. Neno shetani hakulijua, lingefikaje jikoni? Ilibidi nimweleze. Mubaya, nikasema. Mubaya kupita batu bote. Mwenye kuharibu. Nilisema maneno yako ni yake. Baba alisimama na mwiko mkononi, haupandi haushuki.

Nilikuwa nimejitayarishia jambo zuri. Nilidhani atanigusa kichwa, atasema povu, povu tu, tutakaa. Yeye ndiye alikuwa fundi wa mambo yale. Lakini uso wake ulifunga kama dirisha mvua inapokuja. Alichukua kisu, akaanza kukata kitunguu kilichokuwa kimekwisha kukatwa. "Kwenda inje," akasema. Nikaenda nje. Alhamisi ile hakuniita. Jumamosi hakuniita. Wiki ya pili vivyo hivyo. Nilimenya mbaazi barazani nikitazama ziwa, na ndani mlango wa kile chumba ulikuwa umefungwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Baba hakufukuzwa. Alipewa maagizo yake kama kawaida, leta, kata, epua, na hakuna neno la ziada. Nilijifunza hapo kitu ambacho hakuwahi kunifundisha kwa mdomo, kwamba hata mtu anayekaa na kunyamaza kila siku anaumia, na anaumia sana.

Wiki ya tatu, Jumamosi, mlango ulikuwa wazi. Akaniita kwa kidole. Nikakaa mahali pangu. Yeye hakufumba macho, aliniangalia.

"Mi nilikuwa hasira," akasema. "Hasira mingi. Kila siku nakaa. Nasema: mi, raha. Bwana yangu, raha. Mutu ya soko, raha." Akanisogelea. "Halafu mutu ya mwisho. Mutu ya mwisho iko wee."

Mimi, mahali pa Zawadi.

"Siku ya kwanza, nasema Nsimire, raha. Hapana. Haitoki. Siku ya pili, hapana. Siku ya kumi, hapana." Alihesabu kwa vidole, bila haraka, kama anavyohesabu mtu anayetaka umwamini. "Leo siku kumi na sita. Leo nasema, na neno natoka. Kidogo."

"Kidogo?" nikauliza, nikilia.

"Kidogo," akasema. "Kesho tena." Akanyoosha mgongo, nami nikanyoosha wangu.

Waliondoka kiangazi kile. Chai ilikuwa imeanza kwenda vibaya, wageni walikuwa wanarudi makwao mmoja mmoja, fundi akaitwa. Maman Nanda aliniachia mkeka, ambao panya waliula. Baba alipata kazi kwenye nyumba ya watu wanaokula nyama, akanenepa, akarudi kunukia vizuri. Mimi niliacha shule mwaka uliofuata, nikauza sambaza, vidagaa vya ziwa letu, nikaolewa, nikazaa sita, nikazika wawili kama mama yangu, na ni Mkatoliki mpaka leo, rozari yangu hamtaninyang'anya. Lakini kila asubuhi kabla ya rozari ninakaa. Mjukuu wangu Ansima, anayesoma chuo kikuu, ana sauti ndani ya simu yake inayomfundisha jambo lilelile kwa Kifaransa: vuta pumzi, toa pumzi, sasa jisikie mwepesi. Nilisikiliza siku moja. Nilimwambia, "Huyu maman anaongea sana. Mutu atasikia pumuzi yake saa ngapi?" Na kwenye nyumba moja ya kusaidia wanawake waliopatwa na vita, kijana wa kike aliyevaa kadi shingoni alituambia wazee kumi na wawili tufumbe macho, tuweke miguu chini, na wengine wakaogopa wakauliza ni ya kanisa gani. Nikasimama mimi. Nikasema nilijifunza hili kwa mwanamke wa dini ya Buda, hapa hapa Bukavu, na kwamba nikiwa mtoto nilisema mbele ya kanisa ni ya shetani, na nilikuwa nimesema uongo nimevaa gauni jeupe. Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Wengine wakafumba macho.

Mji huu sasa una kelele ambazo Papa Aloys asingezimudu na fimbo zake zote: vipaza sauti vya makanisa, baa, jenereta, pikipiki, na siku nyingine milio ambayo tunajifanya hatukuisikia mpaka tumeingiza watoto ndani. Watu wananiambia ulizaliwa wakati mzuri, Koko, yaani bibi. Si kweli, wakati wangu ulikuwa na vita vyake. Tofauti ninayoiona ni nyingine. Nilipokuwa mtoto, mtu wangu wa mwisho alikuwa Zawadi, na kosa lake lilikuwa bidoni. Sasa mtu wangu wa mwisho ni yule aliyemshusha mwanangu Pascal kwenye lori, njia ya Uvira, kabla hajafika Sange, akamfanya asirudi tena. Jina lake silijui. Sura yake siijui. Ninamwita Yule. Ni miaka kumi na minne, na kila asubuhi ninapita kwangu, kwa wajukuu, kwa muuza makala wa siku hizi, nafika kwa Yule, nafungua mdomo, haitoki. Ansima huwa ananisikia nikisema hapana peke yangu, anadhani nimeanza kuzeeka.

Mwanzoni mwa mvua hizi, asubuhi moja, nilifika kwa Yule kama kawaida na mdomo ukasema: upate maji ya kunywa. Nilifungua macho nikatazama ukuta. Nilitaka kuyarudisha maneno yale. Sikuyarudisha. Kesho yake nilijaribu kumtakia raha, nikaona bado, haitoki hata kidogo, nikarudia yale ya jana. Maman Nanda alihitaji siku kumi na sita kwa mtoto mwenye gauni jeupe. Mimi nina miaka kumi na minne, na nimefika kwenye maji.